Gari linalojizima kwenye foleni: tununue betri yake, tuuzime mfumo, au tuhamie haibridi?

Kimara_Mwisho

Wakuu salaam. Nina Mazda Demio ya 2015, petroli, lile la 1.3 lenye i-stop, mfumo wa kuzima injini gari likisimama. Betri imechoka. Zamani nikisimama kwenye mataa injini ilikuwa inajizima na taa ya kijani inawaka kwenye dashibodi. Siku hizi haijizimi kabisa, na asubuhi stata inavuta kivivu. Nina njia tatu mezani:

1. Kununua betri ya aina ileile, Q-85, mfumo uendelee kama Wajapani walivyoupanga.
2. Kufunga betri ya kawaida na kuzima mfumo, ama kwa kitufe kila ninapowasha gari, ama kwa kile kifaa kinachouzimia mfumo chenyewe.
3. Mama watoto anasema tuliuze, tuchukue Toyota Aqua, haibridi ya petroli na umeme, yaishe.

Njia yangu ni Kimara hadi Posta, na AC haizimwi. Q-85 nimetajiwa bei inayokaribia mara mbili ya betri ya kawaida ya umbo lilelile. Halafu jirani yangu anaapa kwamba kuzima na kuwasha kila mara kunaua stata. Naomba sababu, wakuu. Majibu ya "achana na makorokoro hayo" nimeshayapata kijiweni.

---

Fundi_Gerezani

Mkuu, tuanze na stata, maana hiyo ndiyo hofu inayouzwa mtaani. Stata za magari haya zimetengenezwa kwa kuwasha mara nyingi zaidi kuliko stata za Corolla za zamani. Na kwa Mazda ya petroli hata kazi yenyewe ni nusu. Kompyuta inasimamisha pistoni pale inapopataka, katikati ya mwendo wake. Ukiachia breki, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, plagi inatoa cheche, na mlipuko huo wa kwanza ndio unaoizungusha injini. Stata inapiga jeki tu. Mazda wanataja sekunde 0.35 kwa gari la otomatiki. Kwa hiyo stata iache ipumzike.

Pesa inaliwa kwenye betri. Injini ikizima, redio, taa, feni ya AC na kompyuta zote zinanyonya betri, halafu betri hiyohiyo iwashe injini, halafu dakika moja mbele mchezo unaanza upya. Betri ya kawaida inapenda kujaa na kukaa imejaa. Ukiipelekesha nusu nusu hivyo, unga wa kwenye sahani zake unamomonyoka na kudondoka chini. Ile ya mfumo, kama hiyo Q-85, wanaita EFB, sahani zake zimeimarishwa na zimevishwa kitambaa kinachoushika ule unga. Magari mengi ya Ulaya yanatumia AGM, ambayo asidi yake imenyonywa ndani ya mikeka ya nyuzi za kioo. Hiyo ni ghali zaidi, na Demio haiihitaji.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kuzima mfumo kwa kitufe hakurudishi gari lako kuwa gari la zamani. Oltaneta, ile inayochaji betri, kwenye magari haya inaendeshwa na kompyuta. Unapoongeza mwendo inapunguza kuchaji ili injini iwe nyepesi, unapoachia mafuta au kufunga breki ndipo inachaji kwa nguvu. Yaani betri inaachwa makusudi na nafasi ya kupokea. Betri ya kawaida hapo itateseka kidogo hata kama injini haijizimi.

---

Tausi_Arusha

Shikamoo fundi. Mimi nina Mazda Axela, na kitufe sikigusi. Natumia mguu. i-stop inasubiri ukanyage breki kwa uzito. Ukikanyaga kiasi tu cha kulishikilia gari, injini inaendelea. Nikiona mbele foleni inatambaa, nakanyaga kidogo. Nikiona trafiki kanyoosha mkono, nakandamiza, injini inazima, nasikiliza redio yangu.

Na nadhani watu wanaolaumu mfumo wanachanganya foleni mbili. Ipo ya kutambaa, hatua tatu unasimama, hatua tatu unasimama. Hiyo kujizima ni kero tupu na haiokoi kitu. Ipo ya kushikiliwa na trafiki kwenye makutano mpaka madereva wa daladala wanashuka kununua karanga. Hiyo ya pili mfumo umeumbiwa haswa, pengine kuliko mataa ya Tokyo.

---

Ruaka_Juu

Wadau, kutoka Nairobi. Kwanza tukubaliane kwamba kuukwepa mfumo huu ni vigumu. Huku KEBS, shirika letu la viwango, hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia, kwa hivyo mitumba yote ya Japani inayoshuka Mombasa sasa ni ya miaka ambayo karibu kila kampuni kule ilikuwa inaweka kujizima: Note, Swift, Vitz, Impreza, Forester. Nyinyi Tanzania gari la zaidi ya miaka 8 mnaongezewa ushuru wa uchakavu, naona mwelekeo ni uleule.

Sasa hesabu. Injini ndogo kama hiyo, ikinguruma imesimama na AC ikiwa on, inachoma kama lita 0.8 hadi 1 kwa saa. Tuseme kwa siku gari linasimama kabisa nusu saa jumla, siku 22 za kazi. Hiyo ni lita 9 hadi 11 kwa mwezi kama injini ingezima muda wote huo. Lakini haitazima muda wote. Joto la Dar, AC inadai kompresa, betri inashuka, mfumo unawasha injini wenyewe. Ukipata theluthi moja, shukuru. Lita tatu na ushei kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya petroli ya kwenu, linganisha na ile tofauti ya betri. Italipa, lakini polepole mno, na ikiwa betri itakufa mapema haitalipa kabisa. Kwa hivyo bosi, usinunue Q-85 kwa sababu ya mafuta. Inunue kwa sababu gari lilisukwa kwa betri hiyo.

Na kwa wale wanaosema kuwasha kunakula mafuta mengi: maabara ya Argonne ya Marekani walipima, wakakuta ukisimama zaidi ya sekunde 10 ni nafuu kuzima na kuwasha tena.

---

Nyali_Bahari

Hesabu ya Ruaka ni ya mtu wa baridi, bwana. Huku pwani suala ni jasho. Umekaa kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana, injini inajizima, kompresa inasimama nayo kwa kuwa inazungushwa na mkanda wa injini, feni inaendelea kukupulizia hewa inayogeuka vuguvugu. Suzuki waliliona hili, kuanzia 2012 wakaweka kwenye Wagon R kitu kinachohifadhi ubaridi ndani ya AC ili injini ikae imezima muda mrefu kidogo. Wengine wamekuachia uvumilie.

Namuunga mkono shemeji, chukueni Aqua. Haina stata ya kawaida. Injini inazungushwa na mota ya umeme mkubwa, inawaka bila mtikisiko, na kompresa ya AC yenyewe ni ya umeme. Unakaa feri nusu saa na baridi haikatiki. Injini inaamka mara mojamoja kujaza betri, basi.

Ila msije mkasema sikuwaambia: betri kubwa ya Aqua ni ya volti 144, vipande 20, na inapumua kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Watu wanarundika mizigo pale, vumbi na nywele vinaziba chujio, betri inachemka. Kabla ya kununua mtumba fungueni pale mtazame. Nyepesi ya kuangalia, ghali ya kupuuza.

---

Kimara_Mwisho

Asanteni. Hoja ya Aqua naielewa, lakini kuuza gari zima kwa ajili ya betri ya laki kadhaa naona kama kuchoma nyumba kwa sababu ya panya. Mama watoto asione hii.

Fundi, swali. Kuna kijana ameniambia njia ya bure kabisa: kuchomoa waya wa swichi ya boneti. Gari linadhani boneti liko wazi, halijizimi tena. Vipi hapo?

---

Fundi_Gerezani

Kijana hajakosea, itafanya kazi. Lakini fikiria kwa nini swichi ile iko pale. Injini iliyojizima bado iko kazini, kompyuta inaweza kuiwasha wakati wowote ikiona betri imeshuka au AC inataka nguvu. Boneti likifunguliwa, swichi ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba kuna mikono ya mtu karibu na feni. Wewe utachomoa, sawa, litabaki linasoma "wazi", injini haitajizima, pengine alamu itasumbua na dashibodi italalamika. Ninachokiogopa zaidi ni kinyume chake. Gari linagongwa mbele, linafungwa komeo la boneti la kuokoteza lisilo na swichi, fundi anaunganisha nyaya mbili pamoja taa ya onyo izime. Kwenye baadhi ya magari hapo kompyuta inasoma "limefungwa" siku zote. Siku mtu anafungua boneti injini imejizima kwa mfumo, anaingiza mkono, injini inawaka. Ukiletewa gari la hivyo, zima kwa ufunguo kwanza, na ufunguo weka mfukoni.

Kile kifaa cha kuzimia ni bora kuliko huo uhuni. Kinakaa nyuma ya kitufe na kukibonyeza kwa niaba yako. Chukua kinachoingia kwa plagi, usikubali mtu akate nyaya za dashibodi.

Na kwa wote: injini ikiwa imejizima msifungue mkanda na mlango mkashuka mkidhani gari limezimwa. Kwa ukimya ule ni rahisi kusahau. Magari mengi yatapiga kelele, mengine yatazima moja kwa moja na mtalazimika kuwasha upya, lakini gia iko D. Weka P kwanza.

---

Mswahili_wa_Hamburg

Habari za nyumbani. Huku Ujerumani kuacha injini inanguruma bure gari limesimama ni kosa kwa sheria ya barabarani, kwa hiyo watu wamezoea. Mnashangaa kwa nini kitufe hakikumbuki kwamba jana ulizima? Matumizi ya mafuta yanayoandikwa kwenye vitabu vya gari hupimwa mfumo ukiwa umewashwa, hivyo kila ukiwasha gari mfumo unarudi. Kwa mtengenezaji zile asilimia chache za mafuta yanayookolewa ni pesa. Marekani nako walikuwa wanapewa nafuu kwenye hesabu za moshi, mpaka Mei 2025 mkuu wa EPA, shirika lao la mazingira, Lee Zeldin, akasema hadharani kwamba watu wanauchukia mfumo huu na atautafutia dawa.

Wenye BMW na Golf humu: betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari kwa mashine. Usiposajili, gari litaendelea kuichaji kama lile zee uliloling'oa.

---

Babu_Subaru

Mnamtisha mtoto wa watu. Mimi Forester yangu nina betri ya kawaida, umbo la D23, nimezima mfumo, natembea. Sijaona hayo mateso ya unga kudondoka.

---

Fundi_Gerezani

Mzee wangu, shikamoo. Sikukatai. D23 nzuri, yenye ampea za kutosha, mfumo ukiwa umezimwa kila siku, inatembea. Hata Q-85 yenyewe ni umbo la D23, ndiyo maana inakaa bila kulazimisha. Mtu anayetaka kuuza gari mwakani, njia yako ni sahihi na nitamfungia mwenyewe. Ninachokikataa ni betri ya kawaida huku mfumo umewashwa. Hapo betri inakufa mapema na watu wanarudi dukani kugombana kwamba wameuziwa feki.

---

Ruaka_Juu

Kwa msimamo wangu basi: ukibaki na gari miaka kadhaa, Q-85 na mguu wa dada Tausi. Ukiuza karibuni, D23 na kitufe. Aqua ni mjadala wa gari jipya, si wa betri.

---

Kimara_Mwisho

Nakwenda na Q-85, gari silitoi leo wala kesho. Fundi, nikishafunga i-stop itarudi yenyewe? Na pale dukani niangalie nini?

---

Fundi_Gerezani

Usitegemee irudi palepale. Mazda ina kipimo kwenye kichwa cha hasi kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, na baada ya kubadilisha betri kinatakiwa kuanzishwa upya. Njoo na gari, ni kazi ya mashine ya dakika chache. Usipofanya hivyo unaweza kukaa siku nyingi ukidhani betri mpya ni mbovu.

Dukani: uliza imekaa rafu muda gani, na waambie waipime mbele yako. Ikiwa imetulia bila mzigo, volti 12.6 na kuendelea ni nzuri, 12.4 imeshapoa, chini ya 12.2 usiiguse hata ikiwa ya bei nafuu. Halafu soma herufi. Yako ni Q-85 tupu. Ukiona Q-85R, chanya iko upande wa pili na nyaya za Demio hazitafika. Kuna wauzaji watakuambia "zinavutika". Hazivutiki.