Hayati Magufuli aliwahi kuifanya kemia kweli, au ilikuwa ya kwenye vyeti?

Kijana wa Buzuruga
Habari zenu wakuu. Niko kidato cha tano, PCM (fizikia, kemia na hisabati), hapa Mwanza. Mzee wangu anasema kemia mwisho wake ni kushika chaki, anataka nihamie HGE (historia, jiografia na uchumi). Nikamtajia Hayati Magufuli, akanijibu, "Yule mwanasiasa, kemia ilibaki kwenye vyeti." Anayejua naomba anieleze.

Mama Igogo
Mwanangu, aliifanya hapa hapa mjini. Kuanzia 1989 hadi 1995 alikuwa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, kile cha pamba. Ubunge wa Biharamulo Mashariki aliupata 1995 akitokea huko.

Mwalimu wa Ng'ambo
Na chaki aliishika pia, na si jambo la kumwonea aibu mtu. 1982 hadi 1983 alifundisha kemia na hisabati Sengerema Sekondari. Shahada ya kwanza alimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1988.

Lakini mimi wanafunzi wangu huwa nawaeleza zaidi udaktari wake wa falsafa (PhD) wa 2009, alioupata akiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Utafiti ulihusu mafuta ya maganda ya korosho. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono mtupu anayajua: meusi, mazito, yanababua ngozi mpaka inaambuka. Ndani yake kuna asidi ya anakadi. Molekuli yake ina kichwa kinachong'ang'ania metali na mkia mrefu wa kaboni 15 unaoyakimbia maji. Zikijipanga zenyewe, vichwa chini mikia juu, zinafanya utando wenye unene wa molekuli moja tu, na maji yanakosa pa kupita. Swali lilikuwa kama utando huo unaweza kuilinda metali isiliwe na kutu.

Sasa huyo ni mtu aliyekwishakaa Wizara ya Ujenzi miaka kumi, wa madaraja na vivuko, mzaliwa wa Chato ziwani. Mimi sioni kama mada ile aliiokota tu. Mwambie mzee hivyo, kwa adabu.

Sauti ya Kirumba
Shikamoo Mwalimu. Hapo nakubali, ila tusiruke 2020. Mei mwaka ule alisema sampuli za mbuzi na papai zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, majibu yakatoka wana korona. Huo nao ni ukemia?

Mwalimu wa Ng'ambo
Marahaba. Wazo lenyewe ni la maabara kabisa. Kipimo nacho hupimwa, kwa kukipa kitu ambacho jibu lake unalijua. Ila jaribio likishatoa jibu la ajabu, unalirudia, unaweka wazi hatua zote, mwingine naye ajaribu. Sisi tulibaki na wagonjwa 509 na vifo 21, takwimu ambazo mwaka mzima hazikuongezwa. Nilimheshimu sana, na hilo liliniuma kama mwalimu wa somo lile lile. Mwanafunzi akiniletea jibu bila hatua namrudishia daftari.

Kijana wa Buzuruga
Asante sana Mwalimu, nimemsomea mzee yote. Kanyamaza, kisha kauliza kama mafuta hayo yanaweza kupakwa misumari ya mtumbwi. Tunaweza kujaribu shuleni?

Mwalimu wa Ng'ambo
Mnaweza, mwalimu wenu akisimamia. Misumari itoke boksi moja, muisugue yote kwa msasa mpaka ing'ae, mafuta ya kiwandani yaishe. Mingine pakeni mafuta ya ganda, mingine mafuta ya kupikia, mingine iacheni hivyo hivyo. Kila kundi kopo lake, maji ya ziwa kiasi kile kile, na makopo yakae sehemu moja. Andikeni mnachoona kila siku, hata siku ambayo hakuna kilichobadilika. Glavu ni lazima, na msiyachemshe mafuta hayo ndani, moshi wake unawasha macho vibaya sana.