Najenga Ipuli Tabora, ramani imeweka vyumba vya watoto magharibi, nisaidieni kabla sijachimba msingi

KijanaWaIpuli
Habari zenu wakuu. Nina kiwanja mita 20 kwa 30 hapa Ipuli, barabara imepita upande wa magharibi. Nimechorewa ramani ya vyumba vinne, paa la kuficha (lile bati linajificha nyuma ya ukuta), sebule na vyumba viwili vya watoto vyote vinaangalia barabarani. Nitakaa na mke wangu, watoto watatu na mama ambaye ana presha, joto likizidi halali kabisa. Hapa tulipopanga mwezi wa kumi saa nne usiku ukigusa ukuta wa chumbani bado wa moto, tunatoa magodoro tunalala barazani. Kiyoyozi labda kukinunua naweza ila luku ya kila mwezi siiwezi. Nimesoma mtandaoni kuhusu nyumba zinazopangwa kufuata jua bila mashine yoyote, wanasema weka vioo vikubwa upande wa kusini. Fundi naye anasema nyumba inaangalia barabara basi, hayo mengine ni kupoteza muda. Nimsikilize nani? Msingi nachimba mwezi ujao.

Mchoraji_TBR
Ndugu yangu wote wawili usiwasikilize. Hiyo ya vioo kusini ni ya nchi za baridi, kule Ujerumani jua la mchana liko kusini mwaka mzima na kwenye baridi linashuka chini, wanalikaribisha ndani liwapashe. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la saa sita liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, na mwanzoni mwa Oktoba, ndo joto lenyewe sasa, linasimama utosini. Jua la utosini haliingii dirishani, linapiga bati. Halafu kuanzia saa tisa linashuka linapiga ukuta wa magharibi uso kwa uso, ukuta unakunywa joto jioni yote na usiku unawatapikia nyie mliolala. Ndo huo ukuta unaougusa saa nne. Kwa hiyo adui zako ni wawili, bati na magharibi.

Geuza ramani, urefu wa nyumba uende mashariki magharibi ili kuta fupi ndo zipigwe, madirisha makubwa yakae kaskazini na kusini. Kama ule upande wa mita 30 ndo unaingia ndani kutoka barabarani mbona inakaa vizuri tu. Magharibi weka stoo, choo na jiko, na kiangazi upepo wetu unatoka mashariki na kusini mashariki kwa hiyo hata moshi wa mkaa utaenda nje. Paa litokeze sentimita 90, mwezi wa sita saa sita mchana hapo unapata kivuli cha zaidi ya mita moja na nusu ukutani, dirisha lote linapona.

mamaTatu
Kaka nakuomba achana na paa la kuficha. Naishi ndani yake mwaka wa tatu. Kuta hazina kivuli hata kidogo, mvua ya upepo ikija inapiga dirishani tunafunga kila kitu, tunabaki tunachemka. Na juu walipiga jipsamu bila kuacha tundu hata moja la hewa, joto la bati halina pa kutokea, mchana ukisimama chini ya silingi unalisikia kichwani. Tulichookoa ni magharibi tu, tumeongeza baraza la mita 2 kwa nguzo za miti tukapandisha pashoni, chumba cha mwanangu sasa kinalalika.

Mzee wa Kwihara
Kijana, hapa Kwihara kuna tembe, nyumba ya udongo ya zamani, alikokaa yule mvumbuzi Livingstone mwaka 1872. Ingia saa nane mchana usikie ubaridi wake, ni udongo mnene tu. Lakini ukuta mnene una masharti, mchana funga madirisha, usiku fungua yote, pande mbili, hewa ipite iupoze. Ukifungua mchana na kufunga usiku umeharibu. Kwa hiyo weka wavu wa mbu na grili imara, bila hivyo hakuna atakayethubutu kuacha wazi. Na tofali tumia zile za kufungamana za udongo na saruji, hazichomwi, miti yetu ya miombo imeisha kwenye matanuri.

UjijiMoja
Huku Kigoma kazi ni ngumu zaidi wakuu maana mchana upepo mzuri unatoka ziwani na ziwa liko magharibi, ukiufuata upepo umelifuata na jua. Mimi niliweka baraza refu upande wa ziwa, na madirisha ya huko ni ya mbao zenye mapengo, siyo kioo.

KijanaWaIpuli
Asanteni sana jamani. Mita 30 kweli ndo zinaingia ndani. Leo nimekaa na fundi nimemchorea chini kwa kijiti jua linavyopita, amekubali kugeuza, chumba cha mama kimehamia kusini mashariki, paa ni la kawaida na bati jeupe. Swali la mwisho, nataka kupanda mwembe magharibi ukuta upate kivuli, niupande umbali gani?

Mchoraji_TBR
Mita 7 au 8 kutoka ukutani, mizizi isikusumbue. Upande sasa hivi kabla hata ya msingi, uwe unakua wakati wewe unajenga.