Roboti ya kutembea: mota moja na vijiti, au sevo nane? Nisaidieni kulinganisha

MwanaGia:
Wakuu, habari za kazi. Nimeshaunda vigari vinne vya magurudumu. Vinafuata mstari mweusi, vinakwepa ukuta, sasa nimeyachoka magurudumu. Nataka kitu chenye miguu, cha kuchezea mezani tu, ukubwa wa kiatu hivi. Kichwani nimebaki na njia tatu:

A. Mota moja, kranki (mkono unaozungushwa na mota) na vijiti, ule mtindo wa Theo Jansen, msanii wa Uholanzi.
B. Miguu miwili, sevo nne (zile mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru).
C. Miguu minne, sevo nane.

Nina msumeno mwembamba, drili, plaiwudi ya milimita 3, mota ya njano yenye giaboksi, na sevo kumi aina ya SG90 zimelala kwenye droo. Printa ya 3D sina. Ningekuwa wewe, ungeanza na ipi?

FundiNyaya:
Sevo kumi zimelala droo halafu unauliza, mkuu? C, moja kwa moja. Ukishaiunda, mwendo unaubadilisha kwenye programu bila kugusa skrubu hata moja. Leo inatambaa, kesho inacheza, keshokutwa inakupungia mguu. Ya mota moja ikishafungwa imefungwa. Hata kukata kona haiwezi mpaka uongeze mota ya pili.

BiKranki:
FundiNyaya, unamvuta mwenzio kwenye shimo ulilotumbukia mwenyewe. Uzi wako wa sevo zilizotoa moshi bado tunaukumbuka.

MwanaGia, piga hesabu kabla ya kukata ubao. SG90 ina gramu 9, na karatasi yake ya vipimo huandikwa nguvu ya kuzungusha ya kilo-sentimita 1.8 kwenye volti 4.8. Yaani ukiifunga mkono wa sentimita 1, hapo kwenye kilo 1.8 imeshakwama: inanguruma na kupata moto. Kwa kazi ya kawaida ihesabie nusu ya hapo, isizidi.

Sasa chukua roboti ya gramu 600. Ikitambaa kwa kuinua mguu mmoja mmoja, mitatu inabaki chini na kila mmoja unabeba kama gramu 200. Ncha ya mguu ikiwa sentimita 6 kutoka kwenye ekseli ya sevo, ni kilo 0.2 mara sentimita 6, unapata 1.2. Nusu umeshaipita. Ukitaka ikimbie kidogo kwa kuinua miguu miwili ya kukingama, ni 0.3 mara 6, yaani 1.8 kamili. Hapo haiendi popote, inaketi kama punda aliyegoma. Dawa ni miguu mifupi. Kwa sentimita 3.5 unapata 0.7 ikitambaa, sevo inapumua.

Kura yangu ni A, na si kwa ubahili wa sevo. Mguu wa vijiti unakuonyesha kwa macho kwa nini kitu kinatembea. Chebyshev, yule mwanahisabati wa Urusi, mashine yake ya kutembea ilionyeshwa Paris mwaka 1878, haina waya hata mmoja. Jansen naye alianza wanyama wake wa ufukweni mwaka 1990, wanasukumwa na upepo tu.

Usianze na plaiwudi. Kata vijiti vya kadibodi, viunge kwa pini, zungusha kranki kwa kidole. Kwenye ncha ya mguu toboa tundu, chomeka kalamu ya risasi, acha ijichoree kwenye karatasi. Unatafuta umbo kama kipande cha mkate: chini bapa, juu mviringo. Hapo bapa ndipo mguu unapokanyaga. Pakiwa na tumbo, roboti itakuwa inapanda na kushuka kila hatua na mota itachoka bure.

MguuSita:
Mbona hamjataja miguu sita? Mitatu chini, mitatu juu, mnapokezana. Inasimama imara wakati wote, huumizi kichwa na mizani. Ila kwa muundo kamili ni sevo 18, kwa hiyo basi, nimesema tu niwepo kwenye uzi.

KobeMzee:
Mimi nitetee B, maana naona inapitwa kama haipo. Sevo mbili nyongani, mbili kwenye vifundo. Goti hakuna. Inatembea kwa kuegemea mguu mmoja, kuzungusha nyonga, kisha kuegemea wa pili, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Siri iko kwenye nyayo: ziwe pana kiasi cha kuingiliana katikati, na betri ikae chini kadiri inavyowezekana. Yangu betri niliiweka kichwani kwa sababu ilipendeza. Ilianguka kifudifudi mpaka pua ikang'oka. Baadaye nikabandika kipande cha puto chini ya kila unyayo, kwa sababu plaiwudi tupu inateleza kwenye meza.

Kwa mtu mwenye sevo tayari, B unaimaliza mwisho wa juma mmoja.

SimbaWaVolti:
Anayekwenda B au C asome hapa kwanza. SG90 moja ikikwama huvuta nusu ampea na zaidi. Nane zikikaza pamoja ni ampea nne na ushee. Pini ya volti 5 ya Arduino, ile bodi inayobeba programu, haikuumbwa kwa mzigo huo.

Dalili yake inapotosha sana. Roboti inainuka, inatetemeka, inaanguka, inainuka tena kutoka mwanzo. Mimi niliandika upya programu kwa wiki mbili nikitafuta kosa, kumbe kila sevo zilipokaza pamoja volti zilishuka na bodi ikajizima na kujiwasha. Zipe sevo betri yake: nne za kuchaji za volti 1.2 zinakupa 4.8. Hasi ya betri hiyo iunge na hasi ya bodi, la sivyo sevo zitacheza ngoma zake zenyewe. Ongeza kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na sevo. Ukifika nane, tafuta PCA9685, kibodi cha kuendeshea sevo, ina njia 16 na inatumia pini mbili tu za mawasiliano.

FundiNyaya:
Moshi ule ulikuwa mdogo jamani. Lakini la miguu mifupi nalikubali, yangu ilikuwa na sentimita 8.

MwanaGia:
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilichagua A.

Kadibodi iliniokoa. Mara ya kwanza kalamu ilichora kitu kama ndizi. Kijiti kimoja nilikikata kifupi kwa milimita 4, na muundo wa Jansen una vipimo 11 vinavyotegemeana. Kukosea kimoja ni kukosea mguu mzima.

Kwenye plaiwudi nikakutana na mengine. Nilikaza nati ili miguu isilegee, mota ikagoma kabisa. Nikalegeza, miguu ikayumba. Mwishowe nikaweka kipande cha karatasi kati ya kila vijiti viwili, nikakaza, nikafunga nati ya pili juu ya ile ya kwanza, kisha nikachomoa karatasi. Nafasi inayobaki inatosha kabisa.

Halafu ikawa inaruka kama chura badala ya kutembea. Kila upande una jozi mbili za miguu, nami kranki zote nilizielekeza upande mmoja. Nilipozipishanisha nusu mzunguko, jozi moja ikawa inakanyaga nyingine ikiwa hewani. Mota ni ya gia 1:48, kwa volti 6 miguu ilikuwa haionekani kwa kasi. Nimebaki na betri mbili, volti 3, inatembea kwa heshima.

BiKranki:
Safi sana mdogo wangu! Inanyooka au inapinda?

MwanaGia:
Inapinda kushoto kidogo dada, ndiyo maana jana ilifika ukingoni mwa meza kabla sijaidaka. Mguu mmoja umevunjika. Kiolezo cha kadibodi ninacho, nimeshakata mwingine, gundi inakauka.

KobeMzee:
Na zile sevo kumi?

MwanaGia:
Tisa. Moja nimeifungua nione gia za ndani.