Boti ya faiba ya futi 23: tezi (sehemu ya nyuma) imelegea na sakafu inabonyea, nianzie wapi?

Mwana wa Kigombe

Habari zenu wanajamvi.

Marehemu ami yangu ameacha boti ya faiba ya futi 23, ambayo miaka yote ilikuwa ikivua nguru na jodari katika mkondo wa Pemba, na familia imeamua niichukue mimi kwa kuwa ndiye pekee ninayekwenda baharini. Kwa bahati mbaya imekaa miaka 6 chini ya mkungu bila mtu hata mmoja kukumbuka kuchomoa kizibo, hivyo masika baada ya masika ilijaa majani na maji ya mvua.

Nimekwisha kuisafisha. Ubavuni rangi imefifia na kuna nyufa nyembamba nyingi kama za sahani ya zamani, lakini sioni mahali palipopasuka hasa. Kwenye omo, yaani mbele, kuna kiraka cha puti ya magari chenye upana wa kiganja, nacho kimeanza kubanduka. Sakafu inabonyea ninapokanyaga karibu na tezi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pale mashine inapofungwa: tulipoipachika mashine ya farasi 40 na mwenzangu akausukuma mguu wake mbele na nyuma, ukuta wa tezi ulicheza pamoja nayo, na ufa ulio kando ya boliti ukafunguka kiasi cha kuingiza ukucha.

Fundi mmoja wa hapa jirani anasema ataongeza tabaka mbili za faiba kwa nje, apige rangi, na kazi itakwisha kwa siku tatu. Bei yake ni nzuri, na ndiyo maana nina shaka. Je, inatosha? Na kama ni lazima kubadilisha mbao za ndani, naweza kutumia msaji? Huku Muheza tuna shamba la misaji la Longuza, kwa hiyo mbao zake si za kutafuta mbali.

Fundi wa Mtongwe

Ndugu yangu, pole kwa msiba, na hongera kwa kuuliza kabla ya kupiga rangi, maana boti nyingi ninazoletewa hapa Mombasa zilikwisha kupigwa rangi mara mbili juu ya ubovu uleule.

Nyufa nyembamba za ubavuni zisikunyime usingizi. Hizo ziko kwenye ngozi ya juu tu, ile inayoipa boti rangi na mng'aro, na jua la miaka 6 linatosha kuzileta. Ugonjwa wako uko tezini. Ukuta wa tezi katika boti nyingi za faiba za zamani si faiba tupu, bali ni mbao iliyovikwa faiba kwa ndani na kwa nje kama sambusa. Faiba yenyewe haiozi, lakini kila boliti iliyopitishwa humo bila kuzibwa sawasawa ni mlango wa maji, na tundu la kizibo ndilo mlango mkubwa kuliko yote. Maji yakishaingia katikati hayana pa kutokea, mbao inageuka uji, na zile kuta mbili za faiba zinabaki zikisukumana zenyewe. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Boti yako imelala na maji ngamani, chini kabisa ndani yake, kwa miaka 6, na mbao zote za chini zimekuwa zikiyanywa.

Usiniamini kwa maneno, jaribu mwenyewe. Chukua mpini wa nyundo, ugonge ukuta wa tezi kuanzia juu kwenda chini, kila baada ya upana wa vidole vinne, ukisikiliza. Penye mbao nzima utasikia mlio mkavu unaorudi. Penye ubovu mlio utakuwa wa kufifia, kama unagonga gunia la chumvi. Kisha toboa kwa ndani vitundu vitatu au vinne vya milimita 6, ukisimama mara tu unapohisi drili imefika kwenye mbao, na uangalie kinachotoka. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni habari njema. Ukitoka mweusi, umelowa na kugandamana kwenye drili kama tope la mikoko, basi yule fundi wa siku tatu mwambie asante. Tabaka mbili za nje zitaongeza uzito na kuficha ufa, lakini mashine itaendelea kuning'inia kwenye uji.

Fanya hivyo hivyo kwenye mihimili ya urefu iliyo chini ya sakafu. Ukigundua kwamba nayo imeoza, usibomoe vyote kwa pamoja! Boti ya faiba ikiondolewa tezi, sakafu na mihimili kwa siku moja huachia umbo lake kama ndala iliyoachwa juani, na ukishaiwekea mbao mpya ikiwa imepinda, itabaki hivyo milele. Ikalishe kwanza kwenye magogo na matairi, vuta uzi kutoka omo hadi tezi ili ujue mkuku (uti wa chini wa boti) umenyooka, kisha fanya sehemu moja, umalize, ndipo uende nyingine.

Nahodha wa Nungwi

Nakubaliana na fundi kuhusu kutoboa. Naongeza jambo la majira, kwa sababu naona watu wengi huanza kazi hii Januari, kaskazi inapokuwa imetulia na kiangazi ni kikavu, halafu wanajikuta boti iko nchi kavu wakati wenzao wanashusha samaki. Mimi ningeanza Juni, kusi linapovuma na bahari haiendeki kila siku. Jenga banda la makuti juu ya boti, kwa maana mvua za rasharasha hazikosi, na kusi lenyewe litakukaushia.

Ukishafungua, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kadhaa kabla ya kuanza kukausha. Chumvi iliyobaki ndani ya faiba huvuta unyevu wa hewa kila usiku, na utadhani pamekauka kumbe sivyo. Njia yangu ya kupima ni kubandika kipande cha nailoni kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote nne na kukiacha juani mchana kutwa. Matone yakionekana chini ya nailoni, ngoja wiki nyingine.

Kijana wa Shimoni

Nami nitoe ushuhuda wangu, japo si wa kujivunia. Mwaka juzi nilirekebisha boti ndogo ya kaka yangu kwa rezini ya kawaida ya poliesta, ile gundi ya majimaji inayoloweshwa faiba. Saa sita mchana, kwa kuharakisha, nilichanganya kilo mbili kwenye ndoo moja na kuongeza hadina, dawa ya kuigandisha, kwa kukadiria kwa jicho. Kabla sijapaka hata robo yake, ndoo ilianza kufuka moshi, ikalainika na kuinama upande kama mshumaa, na nikaiburuta nje kwa kijiti cha mwavuli huku watoto wakicheka. Rezini niliyokuwa nimeipaka ilipasuka-pasuka kwa joto. Tangu hapo nachanganya nusu kilo tu kwa mara moja, alasiri jua linapopungua, na napima hadina kwa bomba la sindano.

Fundi wa Mtongwe

Kijana ameeleza vizuri, na ningependa kuweka hesabu. Kwa joto letu la nyuzi 30, mililita 10 za hadina kwa kilo moja ya rezini ya poliesta zinatosha, yaani karibu asilimia 1. Asilimia 2 ni ya nchi za baridi au asubuhi yenye ubaridi. Rezini nyingi za madukani huwa zimekwisha kutiwa kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda; lakini ukiuziwa kobalti kwenye chupa yake peke yake, ichanganye na rezini kwanza, uikoroge hadi ipotee kabisa, ndipo utie hadina. Kobalti na hadina zisikutane moja kwa moja hata tone, kwa sababu hulipuka.

Nahodha wa Nungwi

Hapo ndipo ninapotofautiana na fundi, kwa heshima zote. Kwa ukuta wa tezi unaobeba farasi 40, mimi nisingetumia poliesta. Inashikana vizuri na faiba ambayo bado haijakauka kabisa, kama boti inapotengenezwa mpya, lakini juu ya faiba ya miaka 20 na juu ya mbao inashika kwa shingo upande. Epoksi, rezini ya aina nyingine, ni ghali, sikatai, ila inashika.

Fundi wa Mtongwe

Mzee wangu Nahodha, sijasema epoksi ni mbaya. Nimeona tezi za poliesta zilizodumu miaka 15 kwa sababu aliyezifanya alisugua faiba ya zamani kwa grainda hadi ikawa nyeupe na yenye makwaruzo, na nimeona za epoksi zilizobanduka kwa sababu mtu alipaka juu ya vumbi. Kama mfuko unaruhusu, tumia epoksi kwenye kuunganisha mbao na ukuta. Kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kipimo cha epoksi hakibadilishwi ili ikauke haraka. Kikiandikwa mbili kwa moja, ni mbili kwa moja. Na ile mati ya nyuzi zilizotapakaa ovyo, inayouzwa kwa kilo, nyingi yake imeshikizwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta tu. Ukiitia epoksi inabaki ngumu na kukataa kona. Kwa epoksi nunua kitambaa cha kufuma. Ukishatumia epoksi, juu yake piga rangi ya boti ya makopo mawili, wala usirudi tena kwenye ngozi ya poliesta, haitashika.

Mwana wa Kigombe

Nawashukuru sana wazee wangu. Leo asubuhi nimetoboa vitundu vitano. Vile viwili vya juu vimetoa unga mkavu. Vitatu vya chini vimetoa kitu cheusi chenye harufu ya majani yaliyooza, na kile kilicho karibu na kizibo kimeendelea kutiririsha maji ya rangi ya chai kwa muda wa sigara nzima. Mihimili ya chini ya sakafu imelia vizuri isipokuwa shubiri mbili za mwisho. Fomu iliyojazwa chini ya sakafu ni nzito, ukiikamua inatoa maji kama sifongo.

Kwa hiyo tezi inatoka. Naomba mniongoze namna ya kuikata, na suala la msaji bado sijajibiwa.

Fundi wa Mtongwe

Kata kwa ndani. Ukuta wa nje wa faiba uache mzima, kwa kuwa ndio unaoshika umbo na utakuwa kalibu yako. Pitisha grainda kwenye ngozi ya ndani ukiacha ukingo wa sentimita 7 kutoka ubavuni na chini, uing'oe ngozi, kisha ichokoe mbao kwa patasi hadi iishe, hata ile ya juu iliyo kavu. Vaa barakoa nzuri na mikono mirefu, na uwaweke watoto mbali, maana vumbi la faiba ni kioo. Kabla ya kukata chochote, pima urefu wa ukuta pale mashine inapokaa na uuandike. Mashine ya mguu mrefu inataka inchi 20, na ukikosea inchi mbili, ama itavuta hewa au itaburuta maji.

Mbao mpya iwe plaiwudi ya boti, vipande viwili vya milimita 18 vilivyobandikwa pamoja. Usikubali kuuziwa ile marini bodi ya kumwagia zege. Jina linafanana, lakini ina utando wa kung'aa ambao rezini haiushiki. Paka rezini kingo zote za plaiwudi, hasa zile zinazoonyesha tabaka, kwa sababu hapo ndipo inaponywea. Ibane kwenye ukuta wa nje kwa rojo zito la epoksi na boliti zilizopakwa nta ili zitoke baadaye, zungusha rojo kwenye kona hadi zipate mviringo, kisha ufunike kwa tabaka, ya kwanza ikipanda ubavuni sentimita 10, ya pili 15, ya tatu 20. Matundu ya boliti toboa makubwa kuliko boliti, yajaze epoksi, halafu toboa tena katikati yake, ili maji yakipenya yakutane na epoksi badala ya mbao.

Kiraka cha omo kibandue chote, kwa kuwa puti ya magari hunywa maji. Parua kingo za tundu zilale kwa mteremko. Faiba ikiwa na unene wa milimita 5, mteremko uwe wa milimita 60 kila upande. Fomu iliyolowa itupe. Hapa kwetu wengi huweka madumu matupu yaliyofungwa barabara na kubanwa yasicheze, na dumu la lita 20 likizama lote hunyanyua karibu kilo 20.

Msaji ni mbao nzuri, lakini una mafuta yake ya asili yanayoikataa rezini, na ubao mzima hutanuka na kusinyaa ndani ya faiba hadi uipasue. Usiuache, hata hivyo. Ukimaliza utahitaji ukingo wa juu wa kuzuia boti isikwaruzwe na nyingine pwani, na huo hufungwa kwa boliti tu.