ADSL inakatika jua likizama, ikirudi spidi imeshuka

Mwana_Pangani:
Wakuu, habari zenu. Nyumbani natumia intaneti ya waya wa simu, ADSL2+. Mchana modemu inaonyesha spidi ya 6,800 kbps. Jua likizama tu inakatika, ikirudi ni 4,200 na inaganda hapo hadi asubuhi niizime na kuiwasha. Upotevu wa mawimbi njiani ni 45 dB (desibeli), mchana na usiku. Huduma kwa wateja wanasema modemu mbovu. Ninunue nyingine?

FundiWaya:
Usinunue kitu, mkuu. ADSL2+ hugawa waya kwenye vichochoro 512 vya masafa, kila kimoja upana wa kHz 4.3125. Modemu ikianza kuunganisha inapima kimoja kimoja: kilichotulia hubebeshwa hadi biti 15, chenye kelele (mawimbi ya nje yanayoingilia) biti mbili tatu, kilichokufa hakipewi kitu. Halafu inabakiza akiba, kawaida 6 dB, kwa ajili ya kelele za baadaye.

Sasa, redio za mawimbi ya kati zinakaa kHz 526 hadi 1606, ndani kabisa ya masafa ya laini yako. Mchana anga huyanyonya mawimbi yanayopanda juu. Usiku yanaakisiwa, stesheni za mbali zinafika, na waya wako wa nguzoni ni antena ndefu. Akiba inaliwa, laini inakatika, modemu inapima upya kwenye kelele. Asubuhi haipandi yenyewe kwa sababu hakuna kilichoilazimisha kupima tena.

Akiba yako usiku ni ngapi?

Mwana_Pangani:
Jana jua likizama ilikuwa 1.5, kabla haijakata. Mchana 6.

Kaka_Shaba:
Mimi ningeanza na waya za ndani. Zile bapa za dukani zisizosokotwa zinanasa redio vibaya sana.

FundiWaya:
Kaka Shaba yuko sahihi. Peleka modemu kwenye boksi la kwanza waya unapoingilia, chomoa simu na vingine vyote, kesha nayo. Kama modemu ina grafu ya biti, itazame baada ya kuungana usiku: mashimo yakiwa kati ya kichochoro namba 122 na 372, ni redio hizo.

Ikigoma hata hapo, waombe huduma kwa wateja wakupandishie akiba iwe 9 dB. Mchana utapoteza spidi kidogo. Wakikataa, iwashe upya usiku kelele zikiwa juu na asubuhi usiiguse. Utabaki na 4,200, ila haikati.

Mwana_Pangani:
Boksi la kwanza liko stoo, juu ya magunia ya mkaa. Naenda kuyahamisha.