Naomba ushauri: binti yangu haniambii kitu

Wakuu habari. Nina binti wa miaka 11, tunaishi Ujiji, Kigoma. Tangu shule zifunguliwe amekuwa mkimya. Nikimuuliza, jibu ni "hamna kitu baba", macho chini, kidole kinachora kwenye mkeka.

Juzi mama yake akanichana: "Unamuuliza umesimama mlangoni, mikono kifuani, ndita usoni kama askari. Nani atakwambia siri?" Iliniuma, ila ni kweli.

Jumamosi nikaacha simu ndani, nikaketi naye uani tukichambua dagaa, bega kwa bega, bila kumkazia macho. Nikawa naitikia kwa kichwa tu. Taratibu akaanza: kuna rafiki yake kamtenga. Mimi na kiherehere changu nikamgeukia ghafla, "Nani huyo?" Akanywea, akahamisha ungo wake.

Waliolea mabinti wa umri huu, nianzie wapi tena? Nimshike bega au atashtuka? Halafu huku kwetu mtoto hufundishwa asimtazame mkubwa machoni, sasa akiinamisha kichwa nitajuaje kama anaficha jambo au ni heshima tu?