Kisu cha Kijapani nilichopewa zawadi: nani kakitengeneza?

mama_pweza
Habari zenu wana jukwaa. Swali langu ni la kisu, msinicheke.

Nauza chakula Tanga: wali, samaki, na Ijumaa pweza wa nazi. Kwa miaka miwili mteja wangu wa kila mchana alikuwa mwalimu wa hesabu wa kujitolea kutoka Japani, dada mpole anayekula pilipili kunishinda mimi. Muda wake ulipoisha akarudi kwao. Mwezi wa kwanza mwaka huu akaja kututembelea, akanikabidhi boksi kwa mikono miwili. Ndani mna kisu, na kibahasha chenye kitu cha njano kilichotobolewa katikati. Nikadhani ni washa ya kukazia mpini.

Kisu bapa lake pana, halifiki shubiri. Mpini ni mti mweupe mwepesi, haukupakwa vanishi, na shingoni umevishwa pembe nyeusi. Nyanya inakatika kabla sijakandamiza. Tatizo nilikata maembe mabichi ya kachumbari, nikaenda kuswali, kurudi bapa lina madoa ya buluu na kahawia. Kesho yake kutu. Jirani yangu muuza vyombo akakigeuzageuza akasema, "Hiki si cha Japani. Cha Japani hakishiki kutu. Umeuziwa." Nikamwambia sikuuziwa, nimepewa. Akasema basi aliyekupa ndiye aliyeuziwa. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Sasa alama. Juu ya boksi na upande mmoja wa kisu kuna herufi mbili zilezile. Ya kwanza kama ngazi fupi iliyobeba msalaba uliopinda, ya pili kama mtu anakimbia na matone mawili ya jasho nyuma yake. Nikaielekezea simu kamera itafsiri, ikaniambia "kuna ifuatayo". Ifuatayo nini? Upande wa pili wa kisu kuna alama tatu hafifu, zimechongwa kwa mkono, hizo simu haikuziona kabisa. Nahisi ndilo jina la fundi. Nani anazijua?

Sefu_Muscat
Dada, mimi nipo jikoni hotelini huku Muscat, visu hivi navishika kila siku. Mwambie jirani kutu si ushahidi wa ubandia. Wajapani wanavyo visu visivyoshika kutu, tena vizuri, lakini wapishi wengi wa kule bado wanapenda chuma cha kaboni kwa sababu kinanoleka kikawa wembe. Vyuma vinavyosifika vinatoka Yasugi, mji wa kule kule Japani, vinaitwa "karatasi nyeupe" na "karatasi ya buluu", kwa rangi ya karatasi inayovitambulisha. Hivyo vyote ukiviachia embe bichi au ndimu dakika kumi vinakuonyesha rangi. Kata, suuza, kausha, ndiyo uende kuswali.

Kuhusu jina, angalia usidanganyike kama nilivyodanganyika mimi. Kisu changu cha kwanza nilitangaza jikoni kizima kwamba fundi wake anaitwa Toroku. Kumbe 登録 maana yake ni "imesajiliwa". Na ukiona 作 mwishoni, hiyo ni "kazi ya" fulani. Tupia picha. Halafu kisimamishe ncha iangalie juu ndiyo usome, kwa sababu maandishi yao yanashuka kutoka juu kwenda chini. Ukikilaza unasoma herufi zilizolala ubavu, ndiyo maana simu imekwama.

fundi_kinoo
Mimi nauliza tu: si umuulize aliyekupa? Na tafadhali usikipeleke kwa wale vijana wa jiwe la baiskeli. Jiwe lile linazunguka makavu, makali yanapata moto, chuma kinalegea. Tafuta kinoo cha maji, namba 1000 inatosha, na taratibu.

mama_pweza
Kaka fundi, nimeshachelewa kuuliza. Aliponipa nilisema "aaa, hiki nakijua, kizuri sana!" kwa furaha tu. Sasa nimtumie ujumbe nimwambie eti kinashika kutu, ni cha wapi? Ataona namkagua zawadi. Bora niwasumbue nyinyi msionijua.

Sefu, nimekisimamisha kama ulivyosema. Zile tatu za upande wa pili sasa nazichora hivi: ya juu kama namba 7 iliyoota mguu, ya kati michirizi mitatu ya mvua yenye upepo, ya chini msalaba uliochoka, mguu umeangukia kushoto. Picha hizo hapo, samahani kwa mwanga, umeme umekatika.

wa_Osaka
Dada mama_pweza, salamu kutoka Osaka. Nimeiona picha nikacheka peke yangu kwenye treni, subiri nitakwambia kwa nini.

Kwanza zile mbili za kwenye boksi. Ni 有次, inasomwa Aritsugu. Simu yako haikukosea sana, herufi moja moja ni "kuwapo" na "inayofuata", ila zikikaa pamoja hapo ni jina. Ni duka la Kyoto, ndani ya soko la Nishiki, ile njia nyembamba yenye paa wanakouza samaki na achari. Walianza mwaka 1560 wakifua panga za vita, baadaye wakahamia visu vya jikoni. Kwa hiyo jirani yako wa vyombo apumzike.

Lakini ukiniuliza ni mkono wa nani uliokipiga nyundo, hilo bapa halitakwambia. Visu vingi vya huku jina lililoandikwa ni la duka. Mimi naishi karibu na Sakai, mji wenyewe wa visu, na kule mhunzi anafua tu, mtu mwingine kazi yake kunoa tu, wa tatu anatia mpini. Wote hao hawaandikwi. Niliwahi kupita karakana moja ya mnoaji, mzee amekaa mbele ya jiwe la maji, tope hadi viwikoni, hajui kisu anachokishika kitauzwa kwa jina gani.

Sasa zile tatu. Duka hilo ukinunua kisu wanakuchongea jina papo hapo, kwa patasi ndogo na nyundo, wewe umesimama unatazama. Jina la mwenye kisu, si la fundi. Na majina ya kigeni wanayaandika kwa herufi nyingine nyepesi, ndiyo hizo 7 zako na mvua yako. Zinasomeka: ア, ミ, ナ.

Samahani kukuuliza hadharani, dada. Jina lako si Amina?

Sefu_Muscat
Lahaula.

wa_Osaka
Na kile cha njano kilichotobolewa, kama kimeandikwa 五円, si washa. Ni sarafu ya yeni 5. "Go-en" ni yeni tano, na pia ni neno lao la mafungamano kati ya watu. Kuna wanaoogopa kwamba kisu cha zawadi kinakata urafiki, hivyo wanaweka sarafu hiyo pamoja nacho.

mama_pweza
Ndiyo, Amina ndiye mimi.

Miezi yote hii nakitafuta fundi na kumbe nalitazama jina langu limelala ubavu. Nimekifuta kutu kwa jivu laini, nimekipaka mafuta. Mwalimu nitamwandikia leo usiku, nitamwambia ukweli wote pamoja na maembe.

Ile sarafu kijana wangu aliifunga kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli tangu mwezi wa pili. Nimeshamtuma na spana.